Kutoka EPA hadi Assad: Jinsi Shilingi ya Umma Ilivyofuatiliwa

Tarehe 15 Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembe Yanga, Temeke, mbunge wa Karatu Dkt. Willibrod Slaa alipanda jukwaani akiwa na orodha ya majina 11. Aliyasoma moja baada ya jingine mbele ya umati uliokuja kusikiliza viongozi wa upinzani. Katika orodha hiyo walikuwamo wakubwa waliokuwa bado madarakani, wakubwa waliostaafu, na Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania, Daudi Ballali. Kumtaja gavana hadharani, tena kwa wizi, lilikuwa jambo ambalo wengi hawakuwahi kulisikia. Waliotajwa walikanusha, wengine wakatishia kwenda mahakamani.

Slaa hakuanzia Mwembe Yanga. Miezi michache kabla ya hapo alikwisha kulifikisha suala la Benki Kuu bungeni Dodoma, na huko alipingwa vikali. Mlango wa Bunge ulipombania, akaenda kwa wananchi. Kuanzia siku ile akaunti moja ya Benki Kuu, ambayo mtu wa kawaida hakuwa na sababu ya kuijua, ikawa gumzo la vijiwe vya kahawa, daladala na misiba. Watu waliiita EPA.

Ili kuelewa wizi ulivyofanyika, ni lazima kurudi nyuma hadi miaka ya 1970 na 1980, nchi ilipoishiwa fedha za kigeni. Mfanyabiashara aliyeagiza vipuri au dawa kutoka ng'ambo alilipa shilingi zake katika Benki ya Taifa ya Biashara, kisha akasubiri dola zipatikane ili muuzaji wa nje alipwe. Dola hazikupatikana. Shilingi zilikwishalipwa, mzigo ulikwishafika, lakini muuzaji kule Ulaya au Asia alibaki anadai. Madeni hayo yakarundikana mwaka hadi mwaka, na mwaka 1985 usimamizi wake ukahamishiwa Benki Kuu. Huko ndiko akaunti ya malipo ya madeni ya nje ilikotunzwa.

Mdai aliyechoka kusubiri aliruhusiwa kuliuza deni lake au kulihamishia kwa mtu mwingine, na mtu huyo akaja kudai kwa niaba yake. Hapo ndipo palipopenywa. Aliyehitaji kulipwa hakulazimika kuwa amewahi kuuza chochote Tanzania. Alihitaji kampuni iliyosajiliwa, hati inayosema kuwa mdai wa nje amemhamishia deni, saini, muhuri, na ofisa wa kuidhinisha malipo bila kupiga simu kumuuliza huyo mdai wa zamani kama ni kweli. Wadai wengi walikuwa mbali, na madeni yao yalikuwa na umri wa miaka 20 na zaidi. Nani angeuliza?

Wakaguzi waliuliza. Kampuni ya Deloitte & Touche, iliyokuwa ikikagua hesabu za Benki Kuu, ndiyo iliyotilia shaka kwanza malipo kwa kampuni iitwayo Kagoda Agriculture. Kampuni hiyo ilisajiliwa mwaka 2005, na ndani ya muda mfupi ililipwa kiasi kinachokaribia Sh bilioni 40. Baadaye ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye wengi humwita CAG, chini ya Ludovick Utouh, iliikabidhi kazi ya ukaguzi maalumu kampuni nyingine, Ernst & Young. Wakaguzi hao walichambua malipo ya mwaka wa fedha 2005/06, faili kwa faili.

Walichokikuta kilitangazwa Januari 2008. Kampuni 22 zilikuwa zimelipwa zaidi ya Sh bilioni 133. Kati ya hizo, kampuni 13 zilijichukulia zaidi ya Sh bilioni 90 kwa nyaraka za kughushi. Kampuni 9 zilizobaki zililipwa zaidi ya Sh bilioni 42 huku nyaraka za kuthibitisha madai yao zikikosekana. Haya yalitokea katika chombo kinacholinda sarafu ya taifa, penye walinzi, kamera na taratibu zilizoandikwa. Hakuna aliyevunja kabati. Kila shilingi ilitoka kwa saini.

Rais Jakaya Kikwete alitengua uteuzi wa Ballali, aliyekuwa Marekani kwa matibabu, na kumteua Profesa Benno Ndulu kushika nafasi yake. Akaunda timu ya watu watatu, Mwanasheria Mkuu Johnson Mwanyika, Mkuu wa Jeshi la Polisi Said Mwema na Mkurugenzi Mkuu wa taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU, Edward Hoseah, akawapa miezi sita. Mei mwaka huohuo ikatangazwa kuwa Ballali amefariki dunia hukohuko Marekani. Gavana aliyeijua akaunti ile kuliko mtu yeyote hakuwahi kuhojiwa mbele ya mahakama.

Kabla vumbi la EPA halijatulia, Bunge likalipua bomu jingine. Mwaka 2006 ukame ulikuwa umekausha mabwawa ya umeme, na serikali, katika haraka ya kutafuta nafuu, ikaingia mkataba na kampuni ya Richmond ili izalishe megawati 100. Kampuni haikuwa na fedha wala uzoefu wa kazi hiyo, na umeme haukuja kwa wakati. Mkataba ulirithiwa na kampuni ya Dowans, na shirika la umeme, TANESCO, likawa linawajibika kulipa takriban Sh milioni 152 kwa siku. Jambo moja katika mkasa huu linastahili kukumbukwa na kila anayejali uchunguzi wa mali ya umma. TAKUKURU ilikuwa imekwisha kuuchunguza mkataba huo mwaka 2007 na kueleza kuwa haikuona rushwa. Kamati teule ya Bunge ya watu watano, ikiongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe, ikachimba palepale na kuibuka na taarifa ya kutisha.

Taarifa hiyo ilisomwa Dodoma Februari 2008. Waziri Mkuu Edward Lowassa alisimama bungeni, akasema ameonewa kwa kuwa hakuhojiwa, kisha akatangaza kuwa amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu. Mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha wakafuata. Baraza zima likavunjwa, na Mizengo Pinda akawa Waziri Mkuu. Ukaguzi na uchunguzi ulikuwa umeonyesha kwamba unaweza kumfikia mtu wa pili kwa madaraka ya utendaji nchini.

Mwaka ule wa 2008 ulikuwa na jambo jingine, la kimya zaidi, ambalo kwa hakika lilikuwa na uzito uleule. Bunge lilipitisha Sheria ya Ukaguzi wa Umma, iliyoipa ofisi ya CAG nguvu na mipaka yake. Chini ya Spika Samuel Sitta, kamati tatu za kusimamia hesabu ziliwekwa mikononi mwa wapinzani: John Cheyo ya hesabu za serikali kuu, Slaa ya serikali za mitaa, na Zitto Kabwe ya mashirika ya umma. Zamani ripoti za mkaguzi zilikuwa vitabu vinene vya kusomwa na wachache. Sasa zilisomwa na watu waliokuwa na kila sababu ya kuzisoma hadi ukurasa wa mwisho.

Na ndani ya vitabu hivyo mna nini? Mara nyingi si mabilioni ya Benki Kuu. Mna hati za malipo zisizo na viambatisho, masurufu ya safari ambayo hayajarejeshwa, vitabu vya stakabadhi vya kukusanyia mapato vilivyopotea halmashauri, mafuta yaliyotolewa ambayo hayaonekani kwenye kitabu cha safari za gari, mishahara iliyoingia benki kwa watumishi waliokufa au waliostaafu, zahanati iliyolipiwa bati ambayo haina paa. Mkaguzi huandika kila kasoro kuwa hoja, na mkurugenzi hupewa muda wa kujibu. Akileta risiti, hoja hufungwa. Asipoleta, hoja hubaki, na mwisho halmashauri hupewa hati safi, yenye shaka au mbaya. Hati mbaya ya wilaya ya mbali haiandikwi ukurasa wa mbele wa gazeti, lakini ndiyo inayoamua kama mama mjamzito wa kijiji fulani atakuta dawa.

EPA ilifika mahakamani kwa njia iliyowakera wengi. Agosti 2008 Kikwete alilihutubia Bunge na kueleza kuwa zaidi ya Sh bilioni 53 zilikwisha kurejeshwa, na waliobaki akawapa hadi Oktoba 31 wawe wamelipa, la sivyo wangeshtakiwa. Swali lililozunguka mitaani lilikuwa la haki kabisa: aliyeiba kuku anapelekwa jela, je, aliyechukua mabilioni kwa hati ya kughushi anapewa tarehe ya kurudisha? Serikali ilijibu kuwa kwanza ilitaka fedha za wananchi zirudi. Zilirudi nyingi, lakini wananchi hawakuambiwa kwa majina ni nani aliyerudisha nini.

Novemba 2008 washtakiwa wa kwanza walianza kufikishwa katika Mahakama ya Kisutu, wafanyabiashara pamoja na watumishi wa Benki Kuu. Mei 2011 Rajabu Maranda, aliyekuwa mweka hazina wa chama tawala, CCM, mkoani Kigoma, na ndugu yake Farijala Hussein, walihukumiwa kifungo cha miaka mitano kwa wizi wa zaidi ya Sh bilioni 1.8. Kesi nyingine ziliburuzwa kwa miaka. Kuhusu Kagoda, iliyobeba fungu kubwa kuliko zote, ofisi ya mashtaka haikumsimamisha mtu kizimbani katika wimbi lile la kesi, na hilo ni doa ambalo hukumu za akina Maranda haziwezi kulifuta.

Novemba hiyohiyo mawaziri wawili wa zamani, Basil Mramba wa Fedha na Daniel Yona wa Nishati na Madini, walisomewa mashtaka ya matumizi mabaya ya madaraka kwa kuisamehe kodi kampuni iliyokagua uzalishaji wa dhahabu, na kuisababishia serikali hasara ya Sh bilioni 11.7. Kesi ilichukua karibu miaka saba. Julai 2015 walitiwa hatiani na kupelekwa gerezani, na mapema mwaka 2016 kifungo chao kikabadilishwa kuwa huduma kwa jamii. Wakazi wa Sinza, Dar es Salaam, wakamwona aliyewahi kushika hazina ya nchi akifanya usafi katika hospitali ya Palestina.

Mambo hayakwenda mbele tu. Julai 2011, Bunge likijadili bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini, mbunge wa Kilindi Beatrice Shelukindo alisoma barua ya Katibu Mkuu wa wizara hiyo, David Jairo. Barua iliwataka wakuu wa taasisi zilizo chini ya wizara wachange Sh milioni 50 kila mmoja ili kugharimia shughuli za kuipitisha bajeti bungeni. Ukumbi ulichafuka. Jairo akapewa likizo na CAG akapewa kazi ya kuchunguza. Agosti, Katibu Mkuu Kiongozi Philemon Luhanjo akatangaza kuwa ukaguzi haukumkuta Jairo na kosa la kinidhamu, na Jairo akarudi ofisini akapokewa kwa shangwe. Wabunge waliona wamedharauliwa. Siku iliyofuata akarudishwa likizo, na Bunge likaunda kamati teule yake, ikiongozwa na Ramo Makani. Katika mkasa huu hata Utouh, aliyesifiwa kwa EPA, alilaumiwa. Ulionyesha hatari ya kumpa mkaguzi kazi kisha matokeo yake yakatangazwa na mkubwa wa anayekaguliwa.

Aprili 2012 ripoti ya CAG ilipotua tena bungeni, wabunge hawakungoja. Zitto alianza kukusanya saini za kumwondoa Waziri Mkuu Pinda madarakani kwa kura ya kutokuwa na imani, na wabunge kadhaa wa chama tawala wakatia saini pamoja na wapinzani. Kura haikupigwa, lakini mwanzoni mwa Mei Rais alipanga upya baraza na kuwaacha nje mawaziri sita, wakiwamo Mustafa Mkulo wa Fedha na William Ngeleja wa Nishati. Pengine hiyo ndiyo siku kitabu cha mkaguzi kilipokuwa na nguvu kuliko siku nyingine yoyote katika historia ya nchi.

Kisha ikaja Escrow. Akaunti ya Tegeta Escrow ilifunguliwa Benki Kuu mwaka 2006 kwa sababu TANESCO na kampuni ya umeme ya IPTL zilikuwa zikigombea kiwango cha malipo, na fedha zikawekwa humo hadi ugomvi uishe. Mwishoni mwa 2013 fedha hizo zilitolewa kwa kampuni ya PAP, iliyosema imeinunua IPTL. Kamati ya Hesabu za Serikali, ikiongozwa wakati huo na Zitto, ikitumia ukaguzi maalumu wa CAG na uchunguzi wa TAKUKURU, ilileta bungeni Novemba 2014 hesabu ya takriban Sh bilioni 306. Mjadala ulikesha. Taarifa za benki zilionyesha fedha zilivyoingia katika akaunti za mawaziri, majaji, watumishi wa umma na viongozi wa dini. Profesa Anna Tibaijuka, waziri aliyepokea Sh bilioni 1.6 alizosema ni mchango wa shule, alieleza kuwa Sh milioni 10 alizichukua kwa ajili ya mboga, na "fedha ya mboga" ikaingia katika msamiati wa mtaani. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu Desemba, Tibaijuka akaondolewa siku chache baadaye, na Januari 2015 Profesa Sospeter Muhongo naye akaachia Wizara ya Nishati na Madini.

Utouh alikuwa amestaafu Septemba 2014. Nafasi yake ilichukuliwa na Profesa Mussa Assad, mwalimu wa uhasibu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliingia kipindi cha mwisho cha Kikwete, akaja kufanya kazi na Rais John Magufuli, aliyeingia Ikulu kwa ahadi ya kutumbua majipu. Wengi walitarajia kwamba Rais mkali na mkaguzi mkali wangeelewana.

Aprili 2018 ripoti ya mwaka wa fedha 2016/17 iliwekwa mezani. Zitto alilinganisha kilichokusanywa na kilichotumika, akaona pengo la Sh trilioni 1.5, akataka serikali ieleze ziliko. Serikali ilitoa maelezo yake ya kihasibu, lakini tarakimu ile ilikwisha kukaa vichwani mwa watu. Desemba 2018 Assad akiwa New York alihojiwa na Idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa. Aliulizwa kwa nini ripoti zinatoka na hatua hazichukuliwi. Akajibu kuwa kama ofisi yake inaibua mambo na hayafanyiwi kazi, huo kwake ni udhaifu wa Bunge.

Januari 2019 Spika Job Ndugai alimtaka afike mwenyewe mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge, la sivyo aletwe kwa pingu. Assad alikwenda, akahojiwa. Tarehe 2 Aprili 2019 Bunge lilipitisha azimio la kutofanya kazi naye. Mbunge Halima Mdee, aliyesema anakubaliana na kauli ya mkaguzi, alisimamishwa kuhudhuria mikutano miwili. Bunge ambalo miaka saba nyuma lilitumia kitabu cha CAG kuwaondoa mawaziri sasa lilikuwa limemfungia mlango mwandishi wa kitabu. Hatua hiyo haikumdhalilisha Assad. Ilimwondolea mwananchi jicho lake, na wabunge waliopiga kura ya ndiyo wanastahili kuulizwa hadi leo walikuwa wanamlinda nani.

Novemba 2019 Ikulu ilitangaza CAG mpya, Charles Kichere, aliyewahi kuwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato. Maelezo yalikuwa kwamba kipindi cha miaka mitano cha Assad kimekwisha. Sheria ya 2008 iliweka kipindi cha miaka mitano kinachoweza kuongezwa mara moja. Lakini Katiba, katika Ibara ya 144, inasema mkaguzi hukaa hadi umri wa kustaafu, na kabla ya hapo haondolewi ila kwa kushindwa kazi au utovu wa maadili, tena baada ya tume maalumu kuchunguza. Assad alikuwa na miaka 58. Hakuna tume iliyoundwa.

Zitto alikwenda mahakamani. Desemba 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichoweka kikomo kile kilikwenda kinyume cha Katiba, na kwamba kumwondoa Assad kulikiuka Katiba. Hukumu ilikuja miaka mitatu baada ya tendo, na Assad hakurudi ofisini.

Kazi ya ukaguzi haikusimama. Machi 2021, siku chache baada ya kuapishwa, Rais Samia Suluhu Hassan alipokea ripoti za CAG na TAKUKURU pale Ikulu ya Chamwino, na papo hapo akaagiza Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Bandari asimamishwe kupisha uchunguzi wa ubadhirifu wa Sh bilioni 3.6. Tangu hapo kila mwisho wa Machi vitabu hukabidhiwa mbele ya kamera, na Aprili hufika bungeni, kama Katiba inavyotaka.

Ripoti hizo ni za umma na Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi huziweka wazi baada ya kufika bungeni. Msomaji wa Kishapu, Karatu, Temeke au Kilindi atafute kitabu cha serikali za mitaa, aangalie halmashauri yake imepewa hati gani na hoja zipi hazijafungwa. Kisha ampelekee diwani wake maswali hayo kwa maandishi, na amtake mbunge wake ayasome bungeni Aprili ijayo.